Siku Tatu Alizotembea Mama

Mama alikuwa mtu wa miguu. Wanawake wengine wa Nchelenge waliofanya biashara ya chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, walikaa sokoni wakangoja mitumbwi iwaletee. Mama aliifuata mitumbwi yenyewe. Alitoka asubuhi na beseni kichwani, akashika njia ya ufukweni kuelekea Kabuta, nami nyuma yake nikipiga hatua mbili kwa kila hatua yake moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na bado sikuweza kumfikia. Wavuvi walimtambua kwa mwendo kabla hawajaiona sura. "Mama wa Kilwa njo huyu anakuya," walisema, na waliokuwa wamelala kwenye nyavu waliinuka, kwa kuwa mama hakupenda kununua kwa mtu aliyelala.

Kilwa hii si ile ya pwani; iko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Huko ndiko nilikozaliwa, na huko ndiko baba yangu, papa, alikobaki akitengeneza injini za boti. Mama alikuwa amevuka na vitenge miaka mingi, anauza, ananunua samaki, anarudi, mpaka akapanga vyumba viwili Nchelenge na kunileta nisome shule ya Zambia. Aliamini Kiingereza kitanifaa kuliko Kifaransa. Papa alivuka kila mwisho wa mwezi, akakaa siku tatu nne, akarudi kwenye injini zake. Asubuhi alikohoa mara mbili, akawasha redio, ndipo na sisi tukajua kumekucha. Tulikuwa familia moja yenye ziwa katikati, na sikuwahi kuona ajabu yoyote katika hilo.

Kisha vita vikaanza ng'ambo. Askari walichukua boti za Kilwa, na walipochukua boti wakamchukua na fundi wake. Hawakumfunga. Walimwambia tu kwamba injini zikisimama watamuuliza yeye. Mwisho wa mwezi ukafika, papa hakuja. Ukafika mwingine. Wafanyabiashara waliovuka kwa kujificha walituletea salamu zake: yuko hai, anakula, asitafutwe.

Mwaka huohuo mwendo wa mama ukabadilika.

Asubuhi moja tukiwa njiani Kabuta niligundua kwamba natembea sambamba naye. Nilifurahi sana. Nilidhani nimekua. Wiki chache baadaye nilijikuta niko mbele, nikageuka nyuma, nikamwona anakuja kwa hatua fupi fupi, miguu imeachana, nyayo hazinyanyuki. Mchanga ulikuwa mkavu na mgumu pale, lakini yeye alitembea kama mtu aliye kwenye tope.

"Miguu inauma, mama?"

"Haiumi," akasema. "Inakatala tu."

Ilikuwa kweli. Miguu ilikataa. Akitaka kutoka nyumbani alisimama mlangoni muda mrefu, mwili umeelekea nje, miguu imebaki ndani. Akitaka kugeuka ilimbidi apige hatua ndogo saba au nane mahali pamoja. Beseni lilimshinda, tukaacha kwenda Kabuta. Kisha akaanza kuuliza jambo lilelile mara tatu, baadaye akaacha kuuliza kabisa, na huko kunyamaza kulinitisha zaidi. Mama aliyekuwa anajua kwa macho uzito wa rundo la samaki alishika kopo la kupimia na kuligeuzageuza kana kwamba hajawahi kuliona. Mwisho mkojo nao ukawa haumngoji. Aliona aibu. Siku za kwanza alikuwa anaamka mapema kuliko mimi, anafua kitenge chake mwenyewe na kukianika nyuma ya nyumba ambako wapangaji hawapiti. Baadaye hata aibu hiyo ilimtoka, nikawa nafua mimi.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja Mbemba mwenye huruma, alisema ni bukote, yaani uzee tu. Lakini mama alikuwa hajafika hata miaka sitini, na mwaka uliotangulia alikuwa ananiacha nyuma njiani. Kanisani waliomba. Mwanamke mmoja wa sokoni alisema amefungwa miguu na watu wenye wivu na biashara yake. Mimi sikuwa na jina la kutoa. Niliacha shule bila kumwambia mtu. Siku moja sikwenda, ya pili sikwenda, ikawa hivyo.

Mvua zilipokaribia kwisha, mwenye nyumba alituitia mtu wa baiskeli, tukamkalisha mama nyuma, mimi nikamshika kiuno, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana Mzambia mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizungumza Kibemba, nami nikamgeuzia mama kwa Kiswahili chetu. Alimtembeza kidogo, akamwuliza siku ya leo ni ipi, akamwuliza idadi ya watoto. Mama alijibu swali la mwisho tu, tena baada ya muda mrefu. Daktari akaniuliza kama analala mchana. Nikasema analala mchana na usiku.

"Huko mnakotoka kuna mbung'o?" akauliza.

"Wako."

Akaniambia anafikiria malale, ugonjwa wa usingizi, ambao huingia kwenye ubongo na kumfanya mtu awe vile. Njia ya kujua ni kutoa maji ya uti wa mgongo na kuyatazama kwa darubini. Nikaogopa, nikakubali.

Walimlaza mama ubavu, wakamkunja magoti mpaka kifuani. Mimi nilishika kichwa chake. Sindano ilipoingia alifumba macho, hakulia. Maji yakaanza kudondoka, meupe kabisa, safi. Daktari akajaza chupa ndogo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa kuwa alitaka nyingine zipelekwe kwenye maabara ya mbali. Hata baada ya sindano kutoka, bandeji ililowa, wakaibadilisha, ikalowa tena. Jioni daktari alikuja akasema hajaona mdudu yeyote. Maji ni safi. Kesho asubuhi turudi nyumbani, yeye atasubiri majibu ya maabara.

Tulirudi kwa baiskeli ileile. Mama alilala mchana wote.

Kesho yake niliamka, mkeka wake hauna mtu.

Nilitoka nje mbio. Nilidhani ametambaa, ameanguka mahali. Alikuwa amechuchumaa mbele ya brazia, anapepea makaa kwa mfuniko wa sufuria. Aliniangalia. Nasema aliniangalia kwa sababu kwa miezi mingi macho yake yalikuwa yananipita.

"Juu ya nini hauko ku masomo?" akauliza.

Niliinama nikaokota kipande cha mkaa kilichodondoka.

"Nakuuliza weye."

"Niliacha, mama."

"Uliacha lini?"

"Mvua ilipoanza."

"Nani alikuambia uache?"

"Hakuna mutu. Ulikuwa mugonjwa."

Alipepea makaa kidogo. "Najua nilikuwa mugonjwa," akasema. "Nilikuwa naona yote. Nilikuona unafua. Ni kusema njo kulinishinda." Kisha akainuka. Aliinuka kwa mara moja, bila kushika ukuta, akaenda ndani akatoka na sare yangu mkononi. "Vaa."

Tulikwenda shuleni kwa miguu, yeye mbele. Aliingia ofisi ya mwalimu mkuu, akaketi bila kuambiwa aketi, akamweleza kwa Kibemba chake cha sokoni kwamba mtoto alikuwa anamuuguza mama, sasa mama amepona, na kiti cha mtoto kiko wapi. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mkali, lakini nilimwona anatafuta rejista haraka. Mchana niliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa, na mama alikuwa anaongea na mwenye nyumba kando ya ukuta, wote wawili wanacheka. Siku nzima alikwenda chooni mwenyewe. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda Kabuta.

Nimejaribu mara nyingi kueleza asubuhi ile, na kila mara inakuwa ndogo ninapoisema. Hakuna kilichotokea. Tulitembea. Beseni lilikuwa kichwani mwake, mgongo umenyooka, nami nikawa nyuma nikikimbia kidogo ili nisiachwe, na kushindwa kumfikia ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Watu wa baiskeli waliotoka ufukweni na vikapu vya samaki walipiga kengele wakampisha. Kule Kabuta wavuvi walisimama. Mmoja akasema, "Mama wa Kilwa, tulisikia umekufa."

"Nani alikuambia?" mama akauliza. "Mulete chisense, na musichanganye muchanga."

Alinunua, akamgombeza mmoja wao aliyeuza samaki wasiokauka vizuri, akaketi kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa ili kupumzika. Ziwa lilikuwa limetulia. Upande wa Kongo hauonekani kutoka pale, ni maji tu mpaka macho yachoke, lakini yeye alitazama kama anayeona nyumba yetu. Alikaa hivyo mpaka jua likatufikia miguuni, akasema, "Bon, twende."

Alasiri akaniambia nilete karatasi. Mama hakujua kuandika. Barua zake zote kwa papa nilikuwa naziandika mimi, na zote zilikuwa za aina moja: vitenge vimefika, tuma sabuni, mtoto anaendelea vizuri. Nilifikiri itakuwa hivyo.

"Andika," akasema. "Mume wangu. Ni miye. Niko muzima. Leo nimeenda Kabuta na miguu yangu, na mutoto amerudi ku masomo."

Nikaandika.

"Andika tena. Usivuke kama kuna hatari. Nitakungoja." Nilidhani amemaliza, nikaanza kukunja karatasi. "Bado," akasema. "Andika: niko na hamu ya kusikia unakohoa asubuhi, mbele ya kuwasha redio. Hii nyumba haina asubuhi kama haukohoe."

Niliinua kichwa. Sikuwahi kumsikia mama akisema neno kama hilo kwa mtu yeyote. Hakuwa mtu wa maneno laini. Upendo wake ulikuwa katika chakula na katika kukugombeza. Aliona ninamwangalia. "Andika tu," akasema. "Mutu akipotea halafu anarudi, asiseme ya sabuni."

Siku ya tatu, Jumapili, tulikwenda kanisani, na pale nje baada ya ibada alimpata mfanyabiashara mmoja wa Mununga, kijiji kingine cha ufukweni, aliyekuwa na njia zake za kuvuka. Alimpa barua kwa mkono wake mwenyewe na kumweleza nyumba ilipo, mti ulio mbele yake, jina la mtaa. Mfanyabiashara aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akautia kifuani.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na pampu ya maji, mama alipunguza mwendo. Akashika bega langu.

"Naona inaanza tena," akasema.

"Nini, mama?"

"Miguu." Hakuogopa, au hakunionyesha. Tulitembea polepole mpaka nyumbani, na pale mlangoni aliniambia, "Hata nikiwa namna gani, kesho uende ku masomo. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Jumatatu alisimama mlangoni, mwili nje, miguu ndani. Jumanne hakuniambia neno. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amerudi kule alikokuwa, nami nikawa nafua tena.

Nilikimbilia hospitali. Nilimweleza daktari kila kitu: brazia, shule, Kabuta, barua. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa kitabu kinene kwenye rafu, akafungua, akasoma ukurasa mmoja, akasoma mwingine, akakifunga.

"Majibu ya maabara yamekuja," akasema. "Hana malale. Maji yake hayana kosa."

"Basi mtoe tena," nikamwambia. "Yakitoka anapona."

"Mdogo wangu, kutoboa mgongo si jambo la kurudia bila sababu. Anaweza kupata ugonjwa mbaya zaidi ya huu." Alifikiri. "Kuna mashine ya kupiga picha ubongo, lakini iko mbali sana na hapa. Na hata picha ikipigwa, atafutwe mtu anayejua kuisoma. Nitaandika barua ya rufaa. Ukipata njia ya kumfikisha, mpeleke."

Aliandika. Nilikuwa na barua ile mkononi, na mama asiyeweza kukaa kwenye basi safari ya saa moja, sembuse ya siku nzima. Sikumlaumu daktari siku ile, simlaumu leo. Alikuwa mtu mmoja na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye ukumbi, na alichokataa kukifanya kweli kingeweza kumuua.

Shuleni nilikwenda. Mwenye nyumba alimkalisha mama karibu naye mchana, akimenya mihogo na kumwongelesha Kibemba, bila kungoja jibu.

Wiki sita baada ya barua ile papa alifika. Alikuwa amevuka chini ya turubai, kati ya magunia. Nilimwona anakuja kutoka ufukweni karibu anakimbia, suruali imelowa mpaka magotini, uso wake umefunguka. Hakunisalimu vizuri. "Eko wapi?" akauliza, akaingia.

Mama alikuwa ameketi ameegemea ukuta. Papa akapiga goti mbele yake, akamwita. Mama alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja.

"Chisense imeisha, baba," akasema. "Kuya kesho."

Papa aliinuka, akapangusa magoti. Kisha alitoka, akanikuta uani. Alitoa barua kutoka mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mistari ya mikunjo imechanika.

"Ni weye uliandika," akasema.

"Niliandika mimi, papa, lakini mama njo alisema."

"Ameenda Kabuta?"

"Ameenda. Uliza batu."

Aliuliza. Mwenye nyumba alimwambia ni kweli, mama alipata nafuu siku mbili tatu, alitembea. Jioni papa alirudi kwangu.

"Kutembea nakubali," akasema. "Mugonjwa anaweza kupata nguvu kidogo. Lakini haya maneno ya kikohozi, ya asubuhi. Mutu mwenye kichwa kile hasemi bile, hasemi hivyo. Hata mbele ya ugonjwa hakuyasema." Aliniwekea mkono begani. "Haiko vibaya. Ulitaka kunituliza."

"Papa, sikudanganya."

"Haiko vibaya," akarudia, na akaupapasa mkono wangu kama wa mtoto mdogo.

Watu wengi walikuwa wameiona miguu ya mama. Maneno yake niliyasikia mimi peke yangu.

Mama alianguka mwanzoni mwa mvua zilizofuata, akavunjika nyonga, na kifua kikammaliza ndani ya wiki mbili. Tulimzika Nchelenge. Papa alirudi Kilwa kwenye injini zake, na wakati wa kuvuka mtumbwi uliingiwa na maji, barua ikaloa ikawa uji mfukoni mwake. Aliniambia habari hiyo miaka kadhaa baadaye, vita vilipokwisha. Alisema kwa upole, lakini nilimwona kama mtu aliyetuliwa mzigo: hakulazimika tena kuiangalia. Hatukuizungumzia. Tulipendana, alinitumia samaki, nami nilimtumia dawa, lakini kati yetu palikuwa na uongo ambao sikuusema.

Nilimaliza shule kama mama alivyoniagiza. Nikajifunza kazi ya kupiga picha za eksirei, na baadaye picha za skana, zile zinazokata kichwa vipande vyembamba kwenye kioo cha kompyuta bila kumgusa mtu. Niliajiriwa mjini, mbali na ziwa. Papa alipozeeka nilimleta akae nami.

Nilikuwa nimekwisha kupiga picha za vichwa vingi wakati hospitali yetu ilipoletewa programu mpya. Kazi yake ni kusoma picha za ubongo kabla ya daktari. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vya maji. Programu hii inavitafuta yenyewe, inavipaka rangi ya buluu, inavipima, kisha inalinganisha na ubongo wa watu wa umri ule. Vikiwa vimepanuka kupita kiasi, na ubongo umebanwa juu namna fulani, inaweka alama kwa daktari aangalie. Inakosea, tena si mara chache. Ubongo uliosinyaa kwa uzee nao huacha nafasi, na nafasi hiyo hujaa maji, basi mashine inaweza kupiga kelele bure. Mwanzoni niliiona kama kazi ya ziada tu.

Asubuhi moja tulimpiga picha mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, aliyeanguka bafuni. Tulikuwa tunatafuta damu kichwani, hatukuiona. Programu ikaweka alama. Daktari wa ubongo alikuja, akainama mbele ya kioo.

"Amekuja anatembea vipi?" akaniuliza.

"Kwa kiti cha magurudumu. Mwanawe anasema miguu yake imeganda sakafuni."

"Anasahau?"

"Anasahau."

"Na mkojo?"

Nikamwangalia. "Mkojo pia."

"Basi mashine haijakosea," akasema. "Haya ni maji yanayokusanyika polepole kwa watu wazima. Watu wanadhani ni uzee. Kesho tutamtoa maji kidogo mgongoni, tumtembeze kabla na baada. Akitembea vizuri, tunamwekea mrija kichwani uyateremshe maji tumboni. Wengine wanarudi kabisa."

"Akitolewa maji bila mrija?" nikauliza. "Anarudi kwa muda gani?"

"Saa kadhaa. Siku mbili, tatu." Aliniangalia. "Kwa nini?"

"Na akili inarudi? Maneno yanarudi?"

"Kwa wengine, ndiyo."

Kesho yake nilitafuta sababu ya kupita wodini. Mwalimu alikuwa anatembea kwenye korido, muuguzi pembeni hamshiki. Alifika mwisho, akageuka kwa hatua tatu, akamwona mwanawe. "Hiyo shati umevaa tangu lini?" akamwuliza. Kijana akaanza kulia. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango, nikakaa pale mpaka waliponiita.

Jioni nilimkuta papa kwenye kiti chake barazani. Nilimweleza yote, tangu chupa tatu za daktari wa Nchelenge mpaka shati la yule kijana. Nilimchorea ubongo kwenye karatasi, nikapaka maji kwa kalamu ya buluu. Alisikiliza akiwa ameshika karatasi karibu na macho.

"Mayi," akasema.

"Mayi, papa. Yalipotoka, alirudi. Yalipojaa, akaenda tena."

"Donc, basi alisema yeye mwenyewe."

"Alisema yeye."

"Na habari ya kikohozi?"

"Hiyo pia."

Aliiweka karatasi magotini. Alilia kidogo, bila kujificha. Kisha akasema, "Miaka hii yote nilifikiri ni weye uliyenipenda bile," na tukacheka wote wawili, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha.

Miaka miwili baadaye papa naye akaanza kusahau. Miguu yake ilikuwa mizuri, lakini majina yalimtoka, kisha siku, kisha njia ya dukani. Nilimpeleka kazini kwangu nikampiga picha mwenyewe. Nilikaa mbele ya kioo nikisubiri programu ipake rangi, na nakiri nilichokitamani: nilitamani buluu iwe kubwa. Nilitaka awe na ugonjwa wa mama, kwa kuwa ule una mrija. Buluu ilitoka ndogo, ya umri wake. Alama haikuwekwa. Daktari alinionyesha mahali ubongo ulipokonda, pembeni, kwenye kumbukumbu, akaniambia hapo hatuna cha kutoa.

"Mashine imesema nini?" papa aliniuliza tulipokuwa tunatoka.

"Imesema hauna mayi, papa."

"Muzuri," akasema, ameridhika.

Sasa, kichwani mwake, anaishi zaidi Kilwa kuliko hapa kwangu. Karibu kila wiki ananiuliza kama kuna barua kutoka kwa mama. Namwambia iko. Namsomea kutoka kichwani, neno kwa neno, na kila mara anafika mahali pa kikohozi na kunitazama kwa mshangao, kana kwamba mtumbwi umetia nanga sasa hivi. Anataka kujua zaidi. Alikaa wapi akisema? Alikuwa anafanya nini na mikono? Namjibu yote, maana yote nayakumbuka.

Jana aliniuliza mama alikuwa amevaa kitambaa gani kichwani. Nilitafuta katika kumbukumbu. Niliona beseni, niliona mgongo wake, niliona mchanga wa Kabuta, kitambaa sikukiona.

"Cha njano, papa," nikamwambia.

"Cha njano," akasema, akaegemea kiti. "Kile kilimupendeza."